Wote Wenye Jina Lake

Nilipaswa kukataa siku ile mchana, ndani ya majlisi ya mzee mmoja wa mtaa wa Baghdadiyah, Jidda, nikiwa na kikombe cha chai ya maziwa mkononi. Mzee alikuwa amesimama mbele ya fremu kubwa ukutani. Ndani yake mlichorwa mti wa ukoo wao, shajara, na kila jani lilikuwa jina la mtu. Aliweka kidole kwenye tawi moja fupi lisilo na jani hata moja.

"Huyu alihamia Pemba, hakusikika tena," aliniambia. "Na wewe kwenu Pemba. Nani ajuaye, mwanangu? Ukikubali, tutakuandika hapa."

Mimi nilijua. Baba alikwisha kunisimulia zaidi ya mara moja kwamba bibi yake alikuwa mpishi wa bwana yule, kwamba bwana yule hakuwa na mtoto, na kwamba alipokufa bibi alirudi kwao na sufuria mbili na mkeka. Hatukuwa damu yao. Nililijua hilo kama ninavyojua njia ya kwenda msikitini kwetu. Nikasema, "Inshallah ndiye, ami."

Ni maneno matatu tu. Sikuulizwa mara ya pili. Mzee alinikumbatia, akamwita mwanawe wa kwanza aje anisalimie ndugu yake, na chai ikaongezwa.

Nikitaka kueleza kwa nini niliyasema, lazima nirudi Riyadhi, kwa mtu niliyemwonea wivu.

Nilikuwa na miaka hamsini na sita. Nilikuwa karani wa stoo katika kampuni ya kutengeneza viyoyozi, na yeye alikuwa fundi mkuu. Alitoka kisiwa kimoja kidogo cha Karibiani, mtu mweusi kama mimi, mrefu, mwenye mvi za mapema na kicheko cha kusikika ghorofa ya chini. Kampuni ilitupangia nyumba moja mtaa wa Batha, ghorofa ya tatu juu ya duka la mabegi, yeye chumba chake na mimi changu, jiko la pamoja. Tulizungumza Kiingereza. Chake kilipanda na kushuka kama mtu anayeimba. Changu kilikuwa cha skuli ya sekondari, kimenyooka kama rula.

Alikuwa na daftari. Lilikuwa daftari la kawaida la mistari, jalada limeungwa kwa utepe wa gundi, na humo aliwaandika watu wote mashuhuri wenye jina lake la ukoo. Sio wa kisiwa chake tu. Popote duniani alipolisikia jina lile likitajwa kwa jambo kubwa, alimwandika mwenye nalo, na akipata picha aliibandika. Alikuwa na mchezaji wa kriketi aliyesimama na gongo lake siku nzima bila kutolewa. Alikuwa na askofu, na mwanamke aliyekimbia mbio za mita mia nne, na mpiga ngoma za chuma, na mtaalamu wa samaki ambaye samaki mmoja alipewa jina lake. Hili la samaki lilinikera kuliko yote. Mtu ana jina kubwa mpaka linamtosha na samaki!

Saa ya chai kazini, wenzetu walikuwa wakimngojea.

"Yalla, leo nani?" mhasibu wetu, Mmisri, alimuuliza siku moja.

"Leo jaji. Tena mwanamke, na wigi jeupe kichwani." Akamwonesha picha kwenye simu.

"Wallahi, ukoo gani huu! Mna kila kitu isipokuwa rais."

"Subiri. Bado natafuta."

Walicheka wote. Kisha Mmisri akanigeukia mimi. "Na wewe, ya haji? Wa kwenu wako wapi?"

Sikuwa na wa kwetu. Pasipoti yangu ilikuwa na jina langu, la baba na la babu, basi. Sisi kwetu hatuna jina la ukoo la kubandika nyuma ya kila mtoto. Mwanangu anamaliza kwa jina la baba yangu, na mwanawe atamaliza kwa langu, na mimi nitasukumwa nyuma mpaka nitoke. Jina la babu, lililokaa mwisho pale kama jina la ukoo, ni jina ambalo kila mtaa wa Waislamu una watu watano walio nalo.

Jioni ile nililitafuta kwenye simu, mlango nimeufunga. Nilimpata golikipa wa nchi ambayo sijawahi kufika, mwenye duka la nyama, na mtu aliyetangaza kupotelewa na leseni ya udereva. Hakuna aliyenihusu. Kesho yake nilifanya kosa la kumwambia Mmisri, nikidhani nafanya mzaha.

"Jina lako, ya haji," alisema, "ni treni. Mabehewa yapo, injini hakuna."

Kila mtu alicheka. Fundi alicheka wa mwisho na kidogo tu, lakini alicheka. Kicheko kile kidogo nilikihifadhi.

Toka hapo wivu uliota mizizi. Nilikuwa nikisikia daftari likifunguliwa upande wa pili wa ukuta, na mkasi ukikata karatasi. Nilimwombea mabaya, sina haja ya kuficha. Siku moja niliona kwenye gazeti la Kiingereza habari ya mtu mwenye jina lake aliyefungwa kwa utapeli. Nilifurahi kama mtu aliyeletewa zawadi. Niliikata vizuri, nikamwekea mezani kabla hajafika kazini, nikajificha nyuma ya rafu za stoo nimtazame anavyoisoma.

Aliisoma mpaka mwisho. Akacheka kile kicheko chake, akaja mpaka dirisha la stoo.

"Mzee," aliniita, neno hilo la Kiswahili alijifunza kwangu na alilipenda. "Ni wewe umenitafutia hii?"

"Niliiona tu."

"Ahsante. Huyu naye wetu." Akaibandika daftarini, baada ya jaji.

Ningependa kusema kwamba hapo niliona aibu. Niliona hasira.

Sasa nisimulie jambo moja la nyumbani, maana bila hilo hamtaelewa nililolitupa. Nilipokuwa mdogo, msimu wa karafuu, tulikaa ukumbini tukizichambua, na baba alinifundisha baba zangu saba. Alitaja mmoja, nikarudia, tukachambua konzi moja, akataja wa pili. Hawakuwa majaji. Mmoja alichimba kisima ambacho mpaka leo kinatumika. Mmoja alikuwa kiguru, akichechemea. Mmoja alisifika kwa kupanda mikarafuu mirefu bila kuvunja tawi. Wa saba hatujui alifanya nini, tunajua alikuwepo. Nilipokuja Uarabuni, jambo hilo likawa salamu yetu. Kila Ijumaa baada ya sala nilimpigia simu, na badala ya kuniitikia salamu aliuliza, "Wewe nani?" Nami nikayataja majina yote saba bila kuvuta pumzi. Akisikia la mwisho alisema, "Haya, basi ni wewe," ndipo tukaulizana hali.

Nililifanya hilo kwa mazoea. Wakati mwingine nililiona la kitoto, mtu mzima na mvi zangu.

Yule mzee wa Baghdadiyah nilimjua kwa njia ya umra. Familia yake ilitoka Unguja mwaka sitini na nne, ikatulia Jidda, ikapata uraia na duka la manukato. Mzanzibari yeyote aliyepita alikaribishwa chakula. Nilipopata siku tatu za mapumziko nilipanda basi Batha asubuhi, nikafika Jidda usiku, nikaenda Makka kufanya umra, na kabla ya kurudi nikapita kwake kula wali na papa. Shajara ilikuwa mbele ya macho yangu nikila. Kadhi. Nahodha. Mshairi wa mfalme. Mganga aliyefukuza tauni. Nililiona daftari la fundi pale ukutani, limetiwa fremu na maji ya dhahabu. Mzee alipoweka kidole kwenye tawi lile tupu, sikumfikiria baba hata kidogo. Nilifikiria saa ya chai.

Nilirudi Riyadhi na picha ya shajara kwenye simu. Sikungoja mpaka kazini. Fundi alikuwa jikoni anakaanga ndizi mbivu, nikamwekea simu mbele ya uso.

Alifuta mikono, akaitazama kwa makini, akaikuza picha jani kwa jani. "Hawa wote ni wa kwenu?"

"Wote."

"Kadhi huyu? Na nahodha?"

"Ndiyo."

"Mzee! Na ulinyamaza siku zote hizo, mimi nikikupigia kelele na mchezaji wangu wa kriketi?" Alinipiga begani, kafurahi kweli. Niliingojea sura yake ibadilike. Nilitaka kuona kwake kidogo tu ya kile nilichokibeba mimi. Haikubadilika. Alizima jiko, akakaa.

"Wewe una bahati," alisema. "Hao ni damu yako. Wangu mimi sio."

"Kivipi sio? Daftari zima lile?"

"Labda wawili watatu. Jina lile lilikuwa la mwenye shamba. Mashamba ya miwa. Mwenye shamba alikuwa na jina, na sisi tulikuwa mali yake, na siku tulipoachiwa tukaandikwa kwa jina lake, mamia kwa pamoja. Kwa hiyo jaji hanijui. Mkimbiaji hanijui. Ni watu ambao babu zao walisimama kwenye mstari mmoja na babu yangu, au mstari wa shamba jingine. Mimi nawakusanya kwa sababu jina lilikuja kwetu tupu. Likiwa na watu ndani, nalivaa bila kuwashwa."

Nilimuuliza kama anamjua babu yake wa mbali.

"Babu wa babu yangu namjua jina lake la kwanza na umri wake. Vipo kwenye kitabu cha kanisa. Baba yake yeye, hakuna." Alitazama dirishani. "Unajua, kila Ijumaa ukizungumza na baba yako, mimi nazima kiyoyozi chumbani."

"Kwa nini?"

"Nisikie yale majina. Sielewi Kiswahili, lakini najua ni majina, kwa sababu ni yale yale kila wiki. Niliyahesabu. Saba."

Riyadhi, mwezi wa saba, fundi wa viyoyozi azime kiyoyozi chake asikilize majina ya watu wa kijijini kwetu. Mtu mwenye akili angelikata shauri palepale. Bado sikuwa nimekula kiapo cha kubadilisha jina. Ingetosha simu moja kwa yule mzee: ami, nisamehe, nimeuliza nyumbani, sisi sio. Badala yake nilikasirika. Nilihisi ameninyang'anya ushindi wangu kabla sijauonja, na tena kwa upole, jambo lililonichoma zaidi. Wivu haukuondoka kwa kujua ukweli. Uligeuka tu, ukatazama upande mwingine. Sasa nilimwonea wivu hata kwa huzuni yake, kwa jinsi alivyoweza kuisema jikoni bila haya, na mimi nina uongo kwenye simu.

Likizo iliyofuata nilishuka Unguja. Barua ya mzee wa Jidda ya kunikubali katika ukoo ilikuwa mfukoni, na watu wawili wa ukoo wake walinisubiri kwa wakili wawe mashahidi. Nilikula kiapo. Kwa siku tatu nilikuwa Unguja, na boti ya Pemba ilikuwa ikiondoka mbele ya macho yangu, na sikupanda. Nilimwambia baba kwamba likizo imefutwa. Pasipoti mpya ilipotoka ilikuwa na jina langu, la baba, kisha jina la ukoo wao kubwa, linalong'aa. Babu alikuwa ameondolewa. Ikama, kibali changu cha kuishi Saudia, nayo ikabadilishwa ifanane.

Kazini niliwaonesha. Mmisri aliishika kadi yangu, akainuka, akanipigia saluti. "Mabruki, ya haji. Treni imepata injini." Fundi alinipa mkono. Hakuniuliza tena habari ya jani hata moja.

Mkataba wangu wa Riyadhi ulipoisha, mzee aliniita Jidda. Mwanawe wa kwanza akawa kafili wangu, yaani mdhamini wa kibali changu, na nikaajiriwa katika duka lao la manukato. Nilipanga chumba mtaa wa Bani Malik na Wapemba wenzangu wawili. Mimi na kafili wangu tulikuwa na jina moja, ila mimi ndiye niliyefungua duka asubuhi na kufuta kioo, na wageni wakija mimi ndiye niliyeleta chai. Siwalaumu, hawakunitenda ubaya hata siku moja. Walinipa walichoniahidi, yaani jina.

Halafu walifanya jambo la heshima, na heshima ile ndiyo iliyoniumbua. Kwa desturi yao, mtu akirudishwa kwenye ukoo, wenye ukoo humwendea baba yake kumpongeza. Wakawatuma wazee wawili kutoka Unguja, majoho na bakora, na vikapu viwili vya halua. Mimi sikuambiwa, walitaka iwe furaha ya ghafla. Walifika Pemba nyumbani kwetu, wakakaa ukumbini, wakamwambia baba kwamba wamekuja kuchukua jina lake na la wanawe wengine ili wote waingie kwenye shajara.

Ndugu yangu mdogo alikuwepo. Alinisimulia kwenye simu, sauti kavu. Baba aliwapa kahawa. Alisubiri mpaka wanywe. Kisha akauliza ni mwanawe yupi wanayemzungumzia, wakalitaja jina langu jipya lote.

"Mtu mwenye jina hilo hakuzaliwa nyumba hii," baba aliwaambia. "Nyumba hii aliijenga babangu, na katika jina hilo babangu simsikii. Mna mgeni wenu huko, mhifadhini vizuri." Akawarudishia halua yao, vikapu vyote viwili, kwa adabu, akawasindikiza mpaka barabarani.

"Kaka," ndugu yangu aliniuliza, "ulikosa nini kwetu?"

Nilimwambia nitazungumza na baba mwenyewe.

Ijumaa ilipofika nilikuwa dukani. Kafili alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu yangu, na wateja wawili wa ukoo wao, watu wakubwa, walikuwa wakinusa udi. Nilingoja waondoke, hawakuondoka, na saa ya baba ya kulala mchana ilikuwa inakaribia. Nikapiga.

"Wewe nani?" baba aliuliza, kama siku zote.

Hapo, kwa maneno saba, ningeweza kurekebisha kila kitu. Naamini hivyo mpaka leo. Alikuwa amenifungulia mlango mwenyewe. Lakini kafili aliinua macho akanitazama, na wale wakubwa walikuwa wanasikia Kiswahili vizuri, na niliona haya kutaja mbele yao mchimba kisima na kiguru.

"Ni mimi, baba," nikasema.

Nilisikia kuku wa nyumbani.

"Mimi wako wengi," alisema. Kisha akaniuliza hali ya joto la huko.

Baba aliishi miezi minane baada ya hapo. Nilimpigia kila Ijumaa, nikiwa chumbani Bani Malik, peke yangu, wenzangu wametoka, mlango umefungwa, na majina yote saba nimeyaweka tayari mdomoni. Alipokea simu zangu zote. Aliniuliza afya, kazi, kama nakula vizuri. Mara mbili nilianza kuyataja bila kuulizwa, na mara zote mbili alinikatiza taratibu, kama mtu anayemzuia mgeni asijisumbue kuvua viatu, akaniambia mvua imenyesha. Alikufa Jumatano. Karatasi ya kutoka nchini ilichelewa, nikafika amekwisha kuzikwa.

Fundi alikuwa amerudi kisiwani kwao kitambo. Mwaka ulipita ndipo nikamwandikia kwamba baba amefariki. Alinijibu kwa picha ya ukurasa wa mwisho wa daftari lake. Chini ya wote wenye jina lake alikuwa ameandika, siku zile za Batha, jinsi alivyowasikia kupitia ukutani, baba zangu. Walikuwa sita. Aliniomba radhi, akasema anajua kuna mmoja aliyemruka, nimwambie ni nani amtie mahali pake. Nilikaa kitandani nikawaza, na ilinichukua muda mrefu, mtu niliyeyasema majina yale maisha yangu yote, kumkumbuka wa tano.

Nimezeeka sasa, na ikama yangu bado ina jina la watu. Nikiulizwa uamuzi ule ulinigharimu nini, jibu ninalo, wala si refu. Nilikuwa na baba aliyeniuliza kila Ijumaa mimi ni nani ili afurahi kunisikia. Kwa miezi minane ya mwisho ya maisha yake hakuniuliza tena, na alikufa bila kuniambia, "Haya, basi ni wewe."